Kutuma kiraka kidogo kwenye mradi wa programu huria: hatua kwa hatua

Kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo unalowatumia wenye mradi, kikiwa cha mistari mitatu unaweza kukiandika kwa dakika tano. Anayekipokea hawezi kukimaliza kwa dakika tano. Inambidi aache alichokuwa akikifanya, akumbuke sehemu ile ya msimbo inafanyaje kazi, ajiulize badiliko lako litamharibia nani, alijaribu, kisha akishalikubali alitunze kwa miaka yote mradi utakapokuwa hai, wakati wewe huenda umeshasahau kwamba uliwahi kulituma. Wengi wa watunzaji hawa hufanya kazi hiyo usiku, baada ya ajira zao, bila malipo.

Ndiyo maana adabu ya kutuma viraka si mapambo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiraka kizuri ni mgeni wa aina hiyo: anafika na dawa mkononi, wala hamwachii mwenyeji vyombo vya kuosha. Nimetuma viraka vingi vidogo, nimekaa pia upande wa kuvipokea, na haya ndiyo ninayotamani kila anayeanza ayajue kabla hajabisha hodi. Mifano yangu inatumia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo), kwa kuwa ndiyo utakayoikuta karibu kila mahali.

## Hatua ya 1: Soma kabla hujagusa

Fungua folda kuu ya mradi utafute faili liitwalo `CONTRIBUTING`. Humo ndimo watunzaji walimoandika jinsi wanavyotaka kupokea kazi za wageni. Usipolikuta, soma `README`. Nalo likiwa kimya, historia ya mradi itasema:

```
git log --no-merges -20
```

Amri hiyo inakuonyesha komiti ishirini za mwisho, yaani mabadiliko ishirini yaliyohifadhiwa karibuni kabisa. Zisome kwa utulivu. Je, kichwa cha kila ujumbe kinaanza na jina la sehemu iliyoguswa? Kuna sahihi chini? Jaribio, yaani msimbo wa kukagua kwamba programu inafanya kazi, limeongezwa pamoja na badiliko? Unachokiona kikijirudia hapo ndiyo sheria ya mradi, hata kama haijaandikwa popote.

Angalia pia viraka vinaingilia mlango gani. Kerneli ya Linux na mradi wa Git wenyewe hupokea viraka kwa barua pepe. Miradi mingine mingi hutumia ombi la kuunganisha, yaani unaomba badiliko lako liingizwe kwenye msimbo mkuu, kupitia tovuti za GitHub, GitLab au Codeberg. Ukituma ombi la kuunganisha kwenye nakala ya kerneli iliyoko GitHub, litakaa hapo bila kushughulikiwa, maana kazi ya mapitio haifanyiki pale.

Halafu kuna suala la haki. Tangu mwaka 2004 kerneli ya Linux inadai kila kiraka kiwe na mstari wa `Signed-off-by`, ambao kwa huo unathibitisha kwamba una haki ya kukitoa chini ya leseni ya mradi. Utaratibu huo ulizaliwa baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003, kesi iliyozua maswali juu ya asili ya msimbo ulioingia Linux. Miradi mingi imeuiga, na kuuweka ni rahisi: andika `git commit -s` badala ya `git commit`. Mingine, kama miradi ya Google, hutaka usaini mkataba wa mchangiaji kwanza. Kama umeajiriwa, ulizia kazini kabla ya kusaini chochote, kwa sababu msimbo ulioandika kwa saa za mwajiri mara nyingi si mali yako.

## Hatua ya 2: Hakikisha kidonda bado kipo

Pakua tawi jipya kabisa la mradi, yaani mkondo wa msimbo unaoendelea kuandikwa sasa, ujenge programu kutoka humo, kisha urudie hitilafu uliyoiona. Uliyoikuta kwenye toleo la mwaka jana huenda ilishatibiwa zamani.

Tafuta pia kwenye orodha ya hitilafu, zilizo wazi na zilizofungwa. Wengi huziruka zile zilizofungwa, na hilo ni kosa, maana mara nyingi ndimo utakamokuta mtunzaji ameeleza kwa nini jambo hilo limeachwa lilivyo kwa makusudi. Ukimkuta mwenzio ameshatuma kiraka kama chako na kinangoja, usitume cha pili. Kijaribu chake, kisha andika matokeo chini yake. Msaada huo una thamani kuliko kiraka kingine.

Je, uulize kwanza au utume moja kwa moja? Kosa la tahajia, kiungo kilichokufa, hitilafu iliyo dhahiri: tuma tu. Kuandika maneno mia mbili ya kuomba ruhusa ya kurekebisha herufi moja ni kuongeza kazi. Lakini badiliko likigusa namna programu inavyofanya kazi kwa watumiaji, hata likiwa la mstari mmoja, uliza kwanza. Mstari mmoja unaobadilisha chaguo la msingi unaweza kuwavuruga maelfu ya watu.

## Hatua ya 3: Kiraka kimoja, jambo moja

Kama utakumbuka hatua moja tu kati ya zote hizi, iwe hii.

Unapofungua faili kurekebisha hitilafu, macho yataona mengine: jina la kigezo (variable) lisilopendeza, maelezo yaliyopitwa na wakati, mistari iliyopangwa ovyo. Moyo utasema, maadamu niko hapa, nimalize yote. Usiusikilize. Msomaji akifungua kiraka chenye mistari arobaini hawezi kujua ni mistari mitatu ipi inayotibu na ni ipi ya usafi tu, kwa hiyo inambidi aichunguze yote kwa uzito uleule. Na siku kiraka kikileta matatizo, hawezi kuondoa kibaya bila kuondoa na kizuri. Kuna sababu nyingine isiyoonekana mapema: `git bisect`, chombo cha kutafuta komiti iliyoleta hitilafu, husaidia sana pale kila komiti inapobeba jambo moja. Kikikuelekeza kwenye komiti yenye mambo sita, umebaki na kazi ya kubahatisha.

Hatari kubwa zaidi ni kihariri chako, programu unayoandikia msimbo. Viraka vyangu vya mwanzo kimojawapo kilikuwa cha mistari miwili, lakini kihariri kilikuwa kimewekwa kusafisha nafasi tupu na kubadilisha miisho ya mistari kila ninapohifadhi. Nilituma bila kutazama. Upande wa pili faili zima lilionekana limebadilika, mamia ya mistari, na mistari yangu miwili imezama katikati. Mtunzaji aliniandikia kwa upole akiuliza nimebadilisha nini hasa. Tangu siku ile situmi kitu kabla ya kupitia haya:

```
git diff
git diff --check
git add -p
```

Ya kwanza inakuonyesha kila mstari ulioguswa. Usome kama vile ni kazi ya mtu mwingine. Ya pili inakutajia nafasi tupu zilizoachwa mwishoni mwa mistari. Ya tatu inakupa badiliko kipande kwa kipande na kukuuliza kama unakitaka ndani ya komiti, hivyo hata ukiwa umeshachanganya mambo bado unaweza kuyatenganisha.

Kiraka cha nguo huchaguliwa kifanane na kitambaa. Hiki nacho kifuate mtindo wa faili kilipo. Kama faili linatumia tabo, tumia tabo. Kama majina ya vigezo ni mafupi, yako yawe mafupi. Maoni yako kuhusu mtindo bora yanaweza kuwa sahihi kabisa, na bado hapa si mahali pake.

Hapo hapo niseme juu ya viraka vya usafi mtupu, vile vinavyopanga upya nafasi au kubadilisha neno moja kwa lenye maana ileile. Miradi mingi haivitaki. Huharibu matokeo ya `git blame`, ambayo watunzaji huyategemea kujua mstari fulani uliandikwa lini na kwa sababu gani, tena hugongana na viraka vya watu wengine vilivyo njiani. Mwaka 2020 tukio la Hacktoberfest, lililokuwa likiwazawadia fulana walioleta maombi ya kuunganisha, liliifurikisha miradi kwa mabadiliko ya neno moja yasiyo na faida, kiasi kwamba waandaaji walilazimika kubadili kanuni mwezi huohuo: mradi usiojiandikisha haukuhesabiwa tena. Watunzaji bado wanakumbuka. Kiraka kisicho na sababu kinamfanya msomaji awatilie shaka na wageni wengine wanaofuata.

Kosa la tahajia kwenye ujumbe ambao mtumiaji anausoma ni jambo jingine. Hilo ni hitilafu, na kulirekebisha ni mwanzo mzuri. Ukikuta makosa kumi ya aina hiyo kwenye nyaraka, yakusanye katika kiraka kimoja, usitume kumi.

## Hatua ya 4: Jaribu mwenyewe

Endesha majaribio yote ya mradi kabla ya kutuma. Yakishindwa hata bila kiraka chako, liseme hilo. Kama unarekebisha hitilafu, ongeza jaribio linaloshindwa kwenye msimbo wa zamani na kufaulu kwenye mpya. Kulithibitisha kunahitaji kuliendesha mara mbili, kabla na baada, na wengi huendesha mara moja tu.

Kisha uwe mkweli kuhusu mipaka yako. "Nimejaribu kwenye Linux peke yake, sina mashine ya Windows" ni sentensi inayomsaidia mtunzaji sana, kwa sababu anajua aanzie wapi. Hatakulaumu kwa kukosa mashine.

Kama umesaidiwa na programu ya akili unde, soma kwanza msimamo wa mradi. Miradi ya mifumo endeshi ya Gentoo na NetBSD iliweka makatazo mwaka 2024. Hata pale panaporuhusiwa, usitume mstari ambao huwezi kuueleza kwa maneno yako mwenyewe ukiulizwa.

## Hatua ya 5: Andika ujumbe unaoeleza sababu

Msimbo unaonyesha kilichobadilika. Haujui kueleza kwa nini. Hiyo ni kazi ya ujumbe wa komiti, na wengi wanaoujali ni watu watakaousoma miaka kadhaa baadaye wakitafuta sababu ya mstari fulani, wakati wewe hupatikani tena.

Chukua programu ya kalenda inayokwama inaposoma tarehe fulani. Ujumbe wa "rekebisha hitilafu" haumsaidii mtu. Huu unasaidia:

```
tarehe: kubali mwezi wenye tarakimu moja

Faili la kalenda likiandika "2024-3-07" badala ya
"2024-03-07", programu hujifunga bila kutoa ujumbe
wowote, kwa sababu soma_mwezi() hudai tarakimu mbili.

Kubali tarakimu moja au mbili. Mwaka na siku zibaki
zilivyo, kwa kuwa hatujapata faili lenye tatizo hilo.

Signed-off-by: Jina Lako <wewe@example.org>
```

Kichwa kinataja sehemu iliyoguswa, kisha kinatoa amri: kubali, ondoa, rekebisha. Mradi wa Git na kerneli zote mbili hutaka mtindo huo wa amri, kana kwamba unauagiza msimbo ubadilike. Kwa desturi kichwa hakizidi herufi 50 hivi, ingawa kerneli inaruhusu hadi 70 au 75. Mstari wa pili huachwa wazi. Aya ya kwanza inaeleza tatizo kama mtumiaji anavyolipata, pamoja na chanzo chake. Ya pili inaeleza tiba, na inataja kwa makusudi kile ambacho hakikuguswa. Aya hiyo ya mwisho hupunguza maswali kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, kwa sababu swali la kwanza la mtunzaji ni lilelile: vipi kuhusu siku na mwaka?

Kama unajua komiti iliyoleta hitilafu, itaje. Kerneli ina mstari maalumu wa `Fixes:` wenye angalau herufi 12 za kwanza za kitambulisho cha komiti hiyo. Mtu akiripoti hitilafu wewe ukairekebisha, mpe haki yake kwa `Reported-by:`.

Lugha ya mradi isipokuwa lugha yako, andika sentensi fupi. Hakuna mtunzaji makini atakayekidharau kiraka kwa sababu ya sarufi. Usijaribu kupamba, maneno ya heshima yakizidi huficha hoja.

## Hatua ya 6: Tuma

Kwa barua pepe, mtiririko ni `git format-patch`, inayogeuza komiti kuwa barua, kisha `git send-email`, inayoituma. Barua iwe ya maandishi matupu, na kiraka kiwe ndani ya mwili wa barua, maana msomaji anataka kunukuu mstari na kujibu chini yake. Programu nyingi za barua huvunja mistari mirefu na kugeuza tabo kuwa nafasi, na kiraka kilichoharibiwa hivyo hakiingii. Kitume kwanza kwako mwenyewe, ukihifadhi barua hiyo, kisha ujaribu kukiingiza kwa `git am`. Kikikubali, tuma kwa mradi. Kwenye kerneli, `scripts/checkpatch.pl` itakukagulia mtindo, na `scripts/get_maintainer.pl` itakutajia wa kumwandikia.

Kwa ombi la kuunganisha, fungua tawi jipya kwa kila kiraka, usifanyie kazi kwenye tawi kuu la nakala yako. Ukishatuma, ngoja majaribio ya kiotomatiki yamalize. Yakishindwa, yarekebishe kabla mtu hajakuambia.

Jambo moja halitumwi hadharani kamwe: udhaifu wa kiusalama. Tafuta faili la `SECURITY` au anwani ya faragha ya mradi. Kiraka kinachoziba tundu mbele ya macho ya wote kinamwonyesha mshambuliaji tundu lilipo kabla watumiaji hawajapata toleo lenye tiba.

## Hatua ya 7: Ngoja

Nyaraka za kerneli zinasema usikumbushe kabla ya angalau wiki moja kupita. Mradi unaoendeshwa na mtu mmoja, mimi humpa wiki mbili hadi tatu. Kisha kumbusho moja fupi: "Habari, nakumbusha kiraka hiki. Kama kuna kinachokosekana, niambie." Bila lawama, bila kutaja umuhimu wake kwa kampuni yako.

Nina sababu ya kulitilia mkazo hili. Mwaka 2022 mtunzaji wa XZ Utils, maktaba ya kubana data inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, aliandamwa na barua za kumlaumu kwamba anachelewesha viraka. Alijibu waziwazi kwamba afya yake ya akili imeathirika na kwamba mradi ule anaufanya bila malipo. Shinikizo likaendelea, na mchangiaji aliyekuwa akionekana msaidizi mwema akapewa mamlaka zaidi na zaidi. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa programu, akichunguza kwa nini kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia ya SSH kumekuwa kuzito kwa takriban nusu sekunde, aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Barua zile za kulalamika leo zinadhaniwa kuwa sehemu ya njama. Anayemwandama mtunzaji aliyechoka kwa kiraka halali hana nia hiyo, lakini mtunzaji anaupata uzito uleule.

## Hatua ya 8: Jibu mapitio

Mtu akisoma kiraka chako na kukiandikia maoni, amekupa saa yake. Jibu kila hoja, hata kwa neno "nimerekebisha". Hoja usiyoijibu inaonekana kama umeipuuza, naye itambidi airudie.

Mambo ya ladha, kama jina la kigezo au mpangilio wa mistari, yakubali tu. Ni nyumba yake. Pale unapoamini amekosea kiufundi, usinyamaze, bali leta ushahidi: jaribio, kipimo, au mstari wa vipimo rasmi. Nimeona watunzaji wakigeuza msimamo kwa furaha mbele ya jaribio dogo linaloendeshwa, na nimeona mabishano ya wiki tatu yasiyo na hata mstari mmoja wa msimbo.

Toleo la pili likitumwa kwa barua, liandike `[PATCH v2]` (`git format-patch -v2` inafanya hivyo), na chini ya mstari wa `---` eleza kilichobadilika tangu la kwanza. Maelezo hayo yanamsaidia msomaji bila kuingia kwenye historia ya mradi. Kwenye ombi la kuunganisha, desturi zinatofautiana: kuna wanaotaka uibadilishe komiti ileile kwa `git commit --amend`, na kuna wanaotaka uongeze mpya ili waone tofauti. Rudi kwenye historia uliyoisoma hatua ya kwanza, au uliza.

Kikikataliwa, shukuru na uendelee. Leseni huria inakuruhusu kukitumia kwenye nakala yako maisha yote.

## Hatua ya 9: Kikishapokelewa

Futa tawi ulilolifungua. Usiombe toleo jipya litolewe kwa ajili yako. Kisha endelea kupokea taarifa za mradi angalau hadi toleo lijalo litoke, kwa sababu hapo ndipo watumiaji wengi watakapokigusa kiraka chako kwa mara ya kwanza. Ikija taarifa kwamba kimevunja kitu, jibu mapema hata kama huna suluhisho bado: sema umeiona na unaitazama. Chanzo kisipopatikana haraka, pendekeza wewe mwenyewe kiondolewe kwa `git revert`, ukae nacho, ukiongezee jaribio lililokosekana, kisha ukitume upya.